Osibisa: albamu ya kwanza inayostahili spika kubwa
Bendi ya Osibisa, iliyoundwa London mwaka 1969 na wanamuziki kutoka Ghana, Nigeria na visiwa vya Karibi wakiongozwa na Teddy Osei, ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1971, nayo naipenda kwa dhati. Ngoma ndizo zinazotawala: Sol Amarfio anashikilia mdundo huku ngoma za mikono zikijibizana kwa mapigo yanayopishana, kisha tarumbeta ya Mac Tontoh, nduguye Osei, huingia pamoja na saksafoni kama waitikiaji wa wimbo. Gitaa, kwa maoni yangu, mara nyingine hurefushwa kupita kiasi. Anayetaka kuucheza muziki huu asiusikilize kwenye simu, kwa sababu besi yake hupotea kabisa.