Siki au HPV: mwanamke wa Lamu apime kipi?

Kinamama huulizana sana: kupima saratani ya mlango wa kizazi, kipi bora: siki, au kipimo cha HPV, yaani kirusi kinachosababisha saratani hiyo?

Kwa gharama na haraka, siki hainishindi kuitetea. Muuguzi hupaka kwenye mlango wa kizazi asidi ya siki iliyozimuliwa, asilimia 3 hadi 5, akasubiri dakika moja hivi. Palipobadilika hugeuka peupe. Hakuna maabara wala umeme mwingi. Aliyetoka Faza au Kizingitini kwa boti hupata jibu papo hapo, na pengine tiba siku hiyo hiyo. Nauli ya kurudi kufuata majibu ndiyo huwakatisha wengi tamaa.

Kwa uhakika, HPV iko mbele sana. Siki hutegemea jicho la mpimaji, na baada ya hedhi kukoma sehemu inayotazamwa huingia ndani. Kipimo cha HPV husaka kirusi chenyewe, na mwanamke aweza kujichukulia sampuli faraghani, jambo zito kwetu.

Kurudia: Shirika la Afya Duniani hupendekeza HPV kila miaka 5 hadi 10 kuanzia miaka 30, siki kila miaka 3. Wanaoishi na VVU huanza mapema, wakiwa na miaka 25, na hurudia mara nyingi zaidi.

Ukiwa kisiwa cha mbali, na muuguzi mzoefu yupo leo, pima siki. Ukifikika kwa simu na waweza kurudi, au umeshakoma hedhi, ulizia HPV.