mamaRoo au SNOO: ipi imbembeleze mtoto?

4moms, kampuni ya Pittsburgh, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2005, ilichukua ufundi wa roboti ikautia kwenye bembea iitwayo mamaRoo. Unachagua mwendo kati ya mitano: mmoja unaiga gari barabarani, mwingine wimbi la bahari. Mtoto anajiegemeza, anapanda, anashuka, nawe mikono inapumzika. Lakini si mahali pa kulala. Akisinzia, mtoe umlaze chali kwenye kitanda bapa.

SNOO ya kampuni ya Happiest Baby ni kitanda chenyewe. Mtoto hufungwa kwa kitambaa kinachonaswa pande zote mbili ili asijigeuze. Maikrofoni zikisikia kilio, mtikisiko na mvumo huongezeka hatua kwa hatua. Asiponyamaza kinasimama, maana sasa anakuhitaji wewe. Hutumika hadi miezi 6 tu, na bei ni kali.

Usiku ningechagua SNOO bila kusita. Mchana mamaRoo inatosha, ila ukinunua iliyotumika kagua mikanda kwanza: mwaka 2022 takriban milioni 2 zilitangazwa kuwa na hatari, kwa kuwa mikanda ikining'inia chini ya kiti inaweza kumnasa shingo mtoto anayetambaa.