Takwimu za ukosefu wa ajira za BLS: sekta chumba kimoja, jinsia chumba kingine

Anayetaka kujua ni nani hasa aliyepoteza kazi Marekani, fundi ujenzi au mhudumu wa hoteli, mwanamume au mwanamke, hana mlango mwingine wa kuanzia zaidi ya tovuti ya Ofisi ya Takwimu za Kazi ya nchi hiyo (BLS), bls.gov. Huduma ni ya bure, na kwa matumizi ya kawaida haidai hata kujisajili. Hapa tunaipima kwa kazi moja: kulinganisha ukosefu wa ajira kati ya sekta na sekta, na kati ya wanaume na wanawake. Kwa kazi hiyo ni chombo bora kuliko vingi, ila kina kasoro moja inayowakwamisha waandishi na wanafunzi kila mwezi. Sekta imewekwa chumba kimoja, jinsia chumba kingine, na kuviunganisha ni juu yako.

Ripoti ya mwezi hutoka saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za Washington, kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Kwa aliyeko Nairobi au Dar es Salaam ni saa tisa na nusu alasiri majira ya joto ya kwao, na saa kumi na nusu wakirudisha saa nyuma. Viwango vya ukosefu wa ajira vinatokana na usaili wa kaya zipatazo 60,000, na maswali yanahusu wiki yenye tarehe 12. Asiye na ajira ni yule ambaye wiki hiyo hakufanya kazi ya kipato hata saa moja, yuko tayari kuanza, na katika wiki nne zilizopita ametafuta kazi kwa vitendo. Aliyesimamishwa kwa muda akisubiri kuitwa tena halazimiki kuwa ametafuta. Shika fasili hiyo, kwa sababu nusu ya makosa huanzia hapo.

Katika ripoti hiyo, jinsia iko Jedwali A-1. Sekta iko A-14. Thamani ya kuyafungua yote mawili kwa pamoja inaonekana ukitazama mishtuko miwili iliyopishana kwa miaka kumi na kitu: mdororo wa uchumi wa 2009 na janga la UVIKO-19 la 2020.

Oktoba 2009, ripoti ilipotoka mara ya kwanza, wanaume wa miaka 20 na zaidi walikuwa na ukosefu wa ajira wa asilimia 10.7, wanawake wa umri huo asilimia 8.1. Ukisoma A-1 peke yake utadhani waajiri waliwachukia wanaume. Fungua A-14 ya Februari 2010: ujenzi, asilimia 27.1. Katika sekta hiyo ya Marekani, wafanyakazi tisa hivi kati ya kumi ni wanaume. Nyumba zilipoacha kujengwa, ni wao waliobaki bila kazi.

Aprili 2020 mambo yakageuka. Wanaume watu wazima asilimia 13.0, wanawake 15.5. Safari hii A-14 inaonyesha malazi, chakula na burudani wakiwa asilimia 39.3, na humo wanawake ni zaidi kidogo ya nusu. Lakini hoteli na migahawa haitoshi kueleza pengo lote. Katika uchunguzi mwingine wa ofisi hiyohiyo, ule unaohesabu ajira kwa waajiri, kliniki za meno peke yake zilionyesha ajira 503,000 zimepotea ndani ya mwezi mmoja. Huduma za afya zilizoeleweka daima kuwa kazi ya uhakika zilifungwa kwa sababu daktari na msaidizi wake hawawezi kukaa mita mbili kutoka kinywani mwa mgonjwa, na wasaidizi wa meno karibu wote ni wanawake.

Namna ya kuzitoa data hizo ni rahisi ukishajua misimbo. Ingia sehemu ya data, chagua “Series Report”, bandika misimbo, kila mmoja mstari wake, kisha bonyeza “Next”, weka miaka unayotaka na upakue faili la Excel. LNS14000025 ni wanaume wa miaka 20 na zaidi, LNS14000026 wanawake wa umri huo. LNU04032231 ni ujenzi, LNU04032240 elimu na afya, LNU04032241 malazi, chakula na burudani. Data za jinsia zinarudi nyuma hadi 1948, za sekta kwa mpangilio wa sasa zinaanzia Januari 2000. Anayeandika programu atumie API, njia ya programu kuomba data moja kwa moja: bila kusajiliwa unapata maombi 25 kwa siku na miaka 10 kwa kila ombi, ukijisajili bure ni maombi 500 na miaka 20.

Angalia herufi ya tatu ya msimbo. S maana yake namba imerekebishwa kwa msimu, U haijarekebishwa. A-14 yote ni U. Ujenzi hupanda kila Januari na Februari kwa sababu ya baridi na theluji, kwa hiyo ukichora mstari wa ujenzi karibu na mstari wa wanaume wenye S utaona mdororo mpya kila mwaka. Ama linganisha Februari na Februari, ama shusha jinsia ziwe U: LNU04000001 kwa wanaume na LNU04000002 kwa wanawake, hawa wakiwa wa miaka 16 na zaidi. Umri umebadilika hapo, usiwachanganye na wale wa miaka 20.

Sasa kasoro kubwa. Ukitaka wanawake ndani ya ujenzi, au wanaume ndani ya afya, A-14 haina safu ya jinsia. Jibu liko kwenye majedwali ya wastani wa mwaka, Jedwali 26, ambalo hutoka mara moja kwa mwaka. Ni jedwali lenye faida kuliko yote tuliyotaja, nalo limefichwa kurasa kadhaa ndani, bila kiungo kutoka ripoti ya mwezi. Ofisi inayotoa ripoti kila mwezi ingeweza angalau kuweka kiungo.

Ukilipata, fanya hesabu hii kabla ya kuandika sentensi yoyote kuhusu ubaguzi. Namba hizi ni za mfano tu. Chukua wanaume 1,000 walio katika nguvukazi, 120 kati yao wako ujenzi. Chukua wanawake 1,000, 12 wako ujenzi. Tuseme ukosefu wa ajira katika ujenzi ni asilimia 25, na kwingineko kote asilimia 8, bila tofauti yoyote kati ya mwanamume na mwanamke. Wanaume wasio na kazi: 30 wa ujenzi na 70.4 wa kwingineko, jumla asilimia 10.0. Wanawake: 3 na 79.04, asilimia 8.2. Pengo la pointi 1.8 limezaliwa na mahali watu wanapofanyia kazi tu. Pengo halisi likizidi hapo, kinachozidi ndicho cha kuchunguza: nani anafukuzwa kwanza ndani ya sekta ileile, nani anachelewa kuajiriwa tena.

Ili ufanye hesabu hiyo kwa namba halisi unahitaji ukubwa wa nguvukazi ya kila sekta kwa kila jinsia. Gawa idadi ya wasio na ajira kwa kiwango chao: watu 500,000 kwa asilimia 5 ni nguvukazi ya milioni 10. Tahadhari, viwango vimekadiriwa hadi desimali moja. Asilimia 2.0 inaweza kuwa 1.95 au 2.05, na nguvukazi yako ikapotoka kwa asilimia 2.5. Kwenye sekta ndogo kama uchimbaji madini usiamini mabadiliko ya mwezi mmoja hata kidogo. Waliohojiwa ni wachache mno.

Kuna mitego miwili katika safu za A-14 ambayo hata wazoefu huiangukia. Wa kwanza ni kwamba mistari ya sekta ni ya waajiriwa wa sekta binafsi. “Elimu na afya” haina walimu wa shule za umma, ambao wengi ni wanawake. Hao wako chini, kwenye mstari wa wafanyakazi wa serikali. Fundi aliyejiajiri naye ana mstari wake, hayumo katika ujenzi. Mtego wa pili ni kwamba mtu hupangwa kwa kazi yake ya mwisho. Binti aliyemaliza shule na hajawahi kuajiriwa hana sekta, katika A-14 yumo kwenye jumla tu. Mpishi wa hoteli anayetafuta kazi ghalani bado anahesabiwa hotelini.

Marekebisho yasikutishe. Namba zenye S hupitiwa upya kila mwisho wa mwaka, miaka mitano nyuma. Ndiyo maana kiwango cha jumla cha Oktoba 2009 kilitangazwa asilimia 10.2 na leo utakikuta 10.0, na cha Aprili 2020 kikatoka 14.7 hadi 14.8. Andika tarehe uliyopakua juu ya faili lako. Suala la Aprili 2020 lina uzito zaidi: wasaili waliwaweka watu wengi waliosimamishwa kazi kwenye kundi la “wana kazi ila hawakuwepo”. BLS yenyewe ilisema wazi kwamba wangehesabiwa ipasavyo, kiwango cha jumla kingekuwa juu zaidi kwa karibu pointi 5. Kuitangaza kasoro hiyo ndani ya ripoti ileile ni jambo linaloipa huduma hii heshima. Na Oktoba 2025 utakuta seli tupu, kwa kuwa shughuli za serikali zilisimama na usaili wa kaya haukufanyika. Kanuni yako ya Excel ya wastani wa miezi 12 itahesabu 11 bila kukuambia.

Lakini lililo zito kuliko mitego yote ni wanawake wasioonekana. Mama aliyeacha kutafuta kazi kwa sababu shule zimefungwa na watoto wako nyumbani si “asiye na ajira”. Ametoka kabisa kwenye hesabu, na kiwango cha wanawake kinashuka kana kwamba amepata kazi. Kwa hiyo kila unapopakua LNS14000002 ya wanawake, pakua na LNS11300002, ushiriki wao katika nguvukazi, na LNS12300002, sehemu ya wanawake wote walio na kazi. Ukosefu wa ajira ukishuka na ushiriki nao ukashuka, usitangaze nafuu. Taarifa ya wanawake isiyo na mistari yote mitatu hatuwezi kuiamini.

Wanaopenda grafu za haraka watumie FRED, hifadhidata ya mtandaoni ya benki kuu ya Marekani tawi la St. Louis. Misimbo ni ileile na mistari miwili unaiweka pamoja kwa mibofyo michache. Kwa majedwali kamili rudi BLS.

Na kwa anayetaka kuweka Marekani kando ya Tanzania: tafiti za nguvukazi za Tanzania zimekuwa zikija kwa miaka mingi katikati, 2006, 2014, kisha 2020/21, na zina fasili mbili. Ya kitaifa huwahesabu pia walio tayari kufanya kazi ingawa hawajatafuta, kundi ambalo BLS huliacha nje. Chukua ile ya kimataifa kwa kulinganisha. Kisha angalia kilimo kimewekwa wapi, kwa sababu azimio la kimataifa la 2013 liliondoa kwenye ajira kazi ya kulima chakula cha nyumbani, na mwanamke mwenye jembe huyohuyo akahama safu bila kubadilisha shamba.