Regensburg na mama: daraja la bure, boti ya kujuta

Nimeupa mji huu nyota nne. Ya tano imeliwa na boti, na habari yake inakuja.

Naishi Munich mwaka wa tano sasa. Mama alipokuja kunitazama kutoka Unguja Septemba iliyopita, nilijua barabara pana na maduka ya ghorofa yatamchosha kwa siku mbili. Yeye ni mtoto wa Mji Mkongwe, mtu wa vichochoro. Nikaamua kumpeleka Regensburg, saa moja na nusu hivi kwa treni. Tulikata tiketi ya siku ya jimbo la Bayern, ambayo mnaitumia pamoja na inakuwa nafuu kuliko kila mtu kukata yake. Ila siku za kazi haianzi mpaka saa tatu asubuhi. Sisi tulifika stesheni saa mbili, tukakaa tunatazamana.

Kutoka kituo cha treni mpaka mji wa kale ni mwendo wa miguu, tambarare. Mkivaa viatu, vaeni vyenye soli nene, maana njia nyingi ni za mawe. Mama alikuja na makubadhi yake na hakukubali kusikia lolote.

Daraja la Mawe (wenyewe huliita Steinerne Brücke) ndilo lililonifanya niandike haya. Lilijengwa kati ya 1135 na 1146, na kwa karibu miaka 800 mji huu haukuwa na daraja jingine la kuvukia Mto Danube. Wapiganaji wa vita vya msalaba walipita hapa wakielekea mashariki. Magari yamepigwa marufuku, hivyo ni waenda kwa miguu na baiskeli tu, na hakuna anayekudai senti. Nguzo zake ni nene mno, zinaubana mto, kwa hiyo maji yakitoka chini ya matao yanatoka kwa ghadhabu, yanazunguka na kupiga povu. Mama ameona maji maisha yake yote, lakini haya aliyakodolea macho kwa muda mrefu. "Maji haya hayana adabu," akasema.

Katikati daraja limeinuka kidogo, na hapo pana kisa. Eti mjenzi wa daraja alishindana na mjenzi wa kanisa kuu nani atatangulia kumaliza. Alipoona anachelewa akapatana na Ibilisi: nisaidie, na roho za kwanza kuvuka ni zako. Kazi ilipokwisha akavusha jogoo, kuku na mbwa. Ibilisi kwa hasira akaingia chini kulisukuma daraja, likabaki na nundu. Hesabu za kisa haziingiani, kwa kuwa kanisa kuu la leo lilianza kujengwa baada ya moto wa 1273, daraja limeshatimiza zaidi ya karne. Lakini mama alicheka mpaka akashika ukingo. "Kumbe huku hata Ibilisi anadhulumiwa!"

Mwisho wa daraja upande wa mji kuna kibanda kidogo cha soseji, Wurstkuchl, kinachofuka moshi wa mkaa kutwa. Kimekuwapo karne na karne, na foleni yake mtaiona kwa mbali. Soseji ni za nguruwe, zinaliwa na kabichi iliyochachushwa na haradali tamu. Kwa hiyo juu ya ladha sina la kuwaambia. Harufu ya mkaa ilimkumbusha mama Forodhani jioni, na hilo lilifanya njaa yetu izidi. Tulikwenda kununua mkate wa kusokotwa na chai, tukala kando ya mto. Waislamu wenzangu, msihesabu chakula cha mchana ufukweni pale. Ingieni ndani ya mji mtafute döner (mkate wenye nyama ya kuchoma), na muulize kabla.

Vichochoro sasa. Hapa mama alikuwa nyumbani. Wafanyabiashara matajiri wa zama za kati walijenga minara juu ya nyumba zao, na ghorofa nyingi za juu hazikuwa na kazi yoyote. Zilijengwa ili jirani aone. Mkubwa wao, Goldener Turm, una urefu wa kama mita 50, umesimama katikati ya nyumba kama mtu aliyepanda kiti kwenye picha ya harusi. Nilipomweleza, mama akajibu bila kufikiri: "Ndiyo milango yetu hiyo." Na kweli, mlango wa njumu za shaba na mnara mtupu vinasema maneno yale yale. Nikamwambia mji huu uliingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Akauliza Mji Mkongwe uliingia lini. Mwaka 2000, nikamjibu. Basi siku nzima ikawa "sisi tuliwatangulia".

Karibu na kanisa kuu, ndani ya ukuta wa jengo la kawaida tu, kuna mawe makubwa meusi ya lango la Warumi, Porta Praetoria. Kambi yao ilikamilika mwaka 179. Watu wanapita na mifuko ya soko bila hata kugeuka.

Kanisa kuu lenyewe ni bure kuingia. Ndani ni giza, na ni vizuri hivyo, kwa sababu vioo vya rangi vinawaka kama makaa. Tafuteni malaika anayecheka. Ni sanamu ya karne ya 13, amefungua kinywa kabisa, kama umbea umemfikia muda ule. Kinanda kikubwa kinaning'inia ukutani kwa kamba za chuma, na mpigaji hupanda kwa lifti. Jumapili huimba kwaya ya wavulana ambayo mwanzo wake unarudishwa hadi mwaka 975. Sisi tulikwenda Jumanne.

Ukumbi wa mji wa kale unalipia, na huingii bila mwongozaji. Ziara za Kiingereza ni chache, ulizeni saa mapema. Humo lilikaa bunge la dola ya Wajerumani kuanzia 1663 mpaka 1806, mkutano mmoja usiokwisha. Mimi nilifurahia. Kisha mnateremshwa chumba cha mateso, vyombo vyenyewe vimo. Mama alitia mguu mmoja, akasema astaghfirullah, akarudi juu kunisubiri.

Haya, boti. Kampuni siitaji. Tulitaka kwenda Walhalla, hekalu la marumaru aliloamuru Mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bayern, likafunguliwa 1842, mtoni upande wa chini karibu na Donaustauf. Kibandani tuliuzwa tiketi ya kwenda na kurudi. Hakuna aliyetuambia kwamba ngazi kutoka chini ni 358, na magoti ya mama hayana mkataba na ngazi. Alikaa kwenye benchi. Nilipanda peke yangu nikihema, nikaona sanamu za vichwa vya watu mashuhuri, wanasayansi Kepler na Einstein wakiwemo, safu kwa safu. Mandhari ya bonde kutoka kwenye ngazi yana thamani kuliko vichwa vyote. Niliposhuka, boti ya mwisho ilikuwa imeshaondoka, ingawa tiketi yangu ilikuwa na saa nyingine. Simu haikupokelewa, fedha haikurudi. Tulipanda basi. Mwenye mzazi wa magoti apande basi tangu mwanzo, au gari, maana juu kuna maegesho nyuma ya hekalu na ngazi mnaziruka.

Tulirudi mjini jua linazama, na mama akataka daraja tena kabla ya treni. Aliniuliza maji yale yanakwenda wapi. Nikamwambia yanapita nchi nyingi hadi Bahari Nyeusi. Na kutoka huko, kuna njia ya kufika kwetu? Ipo, nikasema, unapita Istanbul, unashika Mfereji wa Suez, unatokea Bahari ya Hindi. Akanyoosha goti lake, akalisugua.

"Basi ningepanda hiyo," akasema, "kuliko boti yako ya leo."