Ratiba mpya ya treni za asubuhi kuingia London: nyota mbili kati ya tano

Ratiba za treni Uingereza hubadilika mara mbili kwa mwaka, Mei na Desemba, siku ya Jumapili. Safari hii kampuni ya njia yangu ilitangaza "marekebisho madogo ya dakika". Kweli ni dakika: treni ya 06:52 sasa inaondoka 06:54. Dakika mbili hizo zimenilia nusu saa kila asubuhi, kwa sababu mimi hubadili treni njiani.

Kila stesheni imepangiwa muda wa chini wa kubadili treni. Kwa kawaida ni dakika 5, na stesheni kubwa huwa 10 hata 15. Mwanzo nilikuwa na dakika 6, sasa ni 4. Programu ya simu haioni tena muunganiko huo, ingawa treni ya pili iko jukwaa hilo hilo, ng'ambo tu. Inanirusha hadi inayofuata, dakika 30 baadaye. Kukimbia unaweza, na mara nyingi utaiwahi, lakini milango hufungwa sekunde 30 kabla ya muda. Ukiikosa usitegemee fidia, maana safari hiyo mfumo hauitambui.

Kibaya zaidi ni muda wa kugeuza. Fuatilia treni moja kwenye Realtime Trains, tovuti inayoonyesha mwendo wa treni, utaona iliyofika mwisho wa njia ndiyo inayorudi na abiria wa asubuhi. Zamani ilipumzika dakika 9, sasa ni 5. Treni ya mabehewa 12 ina urefu wa mita 240 hivi. Dereva azime huku, atembee hadi kichwa cha pili, awashe: dakika 4 kwa uchache. Ikifika imechelewa dakika 7, kwa ratiba ya zamani iliondoka na ucheleweshaji wa dakika 2 tu. Sasa inaondoka na 6, na zile 4 zangu za kubadili zimekwisha kabla sijatoka nyumbani.

Hata hivyo haijafikia Mei 20, 2018. Mwaka ule kazi ya kuweka umeme njia ya Manchester hadi Preston kupitia Bolton ilichelewa, ratiba ikaandikwa upya dakika za mwisho, na madereva wengi hawakuwahi kujifunza njia zao mpya. Huku dereva haruhusiwi kuendesha njia asiyoijua, basi treni zikafutwa kwa wiki kadhaa, kaskazini na kusini mashariki. Safari hii treni zipo na madereva wapo. Ndiyo maana sijatoa nyota moja.

Ukiwa na safari ya kila siku, tafuta ratiba ya Jumanne au Jumatano baada ya badiliko, usiangalie Jumapili yenyewe. Kagua pale unapobadilishia, kwenda na kurudi. Wabeba boksi wa zamu ya jioni waangalie treni ya mwisho, maana ya kwetu sasa inaondoka mapema kwa robo saa nzima. Na mgeni kutoka nyumbani mwandikie 06:54. Ukimwambia saa moja kasoro dakika sita, ataitafuta 00:54.

Kuhusu fidia ya treni kuchelewa, huku huitwa Delay Repay, kampuni nyingi hulipa robo ya nauli ya upande mmoja kuanzia dakika 15, nusu kuanzia 30, na yote kuanzia 60. Dai ndani ya siku 28. Kampuni inaweza kurekebisha ratiba ya kesho hadi saa nne usiku wa leo, na ucheleweshaji wako utapimwa kwa ratiba hiyo iliyorekebishwa. Kwa hiyo piga picha ya skrini baada ya saa nne. Ya mchana haina kazi.

Kwa sasa napanda ya 06:39. Ina mabehewa 8 badala ya 12, na kupata kiti ni bahati.