St Paul's School, London: shule ya 1509 yenye majengo mapya

Jana nimempeleka mpwa wangu kuiona hii shule, dada anataka ajaribu mtihani wa kuingia. Mi niliposikia imeanzishwa 1509 nikajua naenda kuona mawe yameota ukungu kama Ngome Kongwe ya Unguja, kumbe wapi, vioo vitupu, pembeni ya mto Thames kule Barnes. Imehama sana hii. Ya kwanza ilikuwa ubavuni mwa kanisa kuu la St Paul's, ikateketea kwenye ule moto mkubwa wa London wa 1666, wakaijenga tena palepale, 1884 wakahamia Hammersmith, 1968 ndo wakaja hapa. Lile jengo la Hammersmith ndo Montgomery, jenerali wa Uingereza ambaye kasoma shule hiyohiyo, alilitumia kupanga uvamizi wa Normandy kule Ufaransa 1944, kwenye Vita vya Pili vya Dunia, na bado wakalibomoa, roho iliniuma.

Uzee wake uko kwenye namba 153. John Colet, mkuu wa lile kanisa, alirithi hela ndefu kwa babake akaamua kusomesha watoto 153 bure, idadi ya wale samaki wa kwenye Yohana 21, na mpaka leo wanaopata skolashipu huvaa kisamaki cha fedha. Halafu uendeshaji hakuwaachia mapadri wenzake, kawapa Mercers, wafanyabiashara wa vitambaa, maana rafiki yake Erasmus, yule mwanazuoni, anaeleza kwamba Colet aliona watu wenye wake na watoto ndo wana ufisadi kidogo kuliko wengine. Na anayesema ni mtu wa kanisa jamani!

Ile bure ilishaisha zamani, ada sasa inapita pauni 30,000 kwa mwaka. Kuna msaada kwa wasio na uwezo ila ulizia mapema.

Nilichokipenda mimi ni kwamba wengi ni wa kutwa. Sisi tuliokula maharage ya bweni miaka sita tunajua raha ya mtoto kurudi jioni akala kwa mama yake, na hata yule mshairi Milton alisoma hivyohivyo, kwao Bread Street ni pua na mdomo na shule ya kale.

Usafiri sasa, daraja la Hammersmith halipitishi magari tangu 2019 kwa hiyo unashuka ng'ambo unavuka kwa mguu, sisi tumevuka na mvua, dada analilia viatu vyake mpaka getini.

Nyota 4. Mpwa wangu habari za Montgomery hata hakuzisikiliza, njia nzima ya kurudi anauliza kile kisamaki ukishamaliza shule unarudisha au unaondoka nacho.