Mafundi wa terazo waliotuwekea sakafu ya kanisa, uzoefu wangu

Kama una jengo la zamani na unataka kubadili sakafu, soma hapa kwanza kabla hujakimbilia Kariakoo kununua mzigo. Kanisa letu hapa Dar sio maarufu kama Azania Front lile lililoanza kujengwa 1898, letu dogo tu, ila nalo la kizamani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, chini niru ya saruji ya wino mwekundu iliyobanduka mpaka kina mama wa vikoba wanakuja na mikeka yao. Tulitaka katikati ya wiki liwe ukumbi, asubuhi chekechea, mchana vikoba, jioni kwaya.

Kamati tulishakubaliana tuweke PVC, ile sakafu ya plastiki ya kubandika inayofanana na mbao, siku tatu kazi imeisha. Fundi akagoma. Yani amekuja kutafuta hela halafu anagoma! Akachukua kipande cha nailoni akakibandika chini na selotepu pande zote, karibu na mimbari, akasema tuonane kesho. Kesho yake nailoni ina matone kwa ndani kama mfuniko wa sufuria ya wali. Akatuonyesha na ukutani, chumvi nyeupe imepanda mpaka usawa wa goti, kumbe udongo wa nje umejaa miaka yote hiyo mpaka ukapita kimo cha sakafu, masika ikija maji yote kwetu. PVC ingefumuka mapema tu.

Basi wakaanza kuchimba udongo wa nje, ndo wakavunja ndani, wakapanga mawe, nailoni nzito, jamvi la zege, halafu terazo, yani saruji yenye vipande vya mawe inayosagwa mpaka iwe laini. Pembeni mwa kuta wakaacha mkanda wa upana kama kiganja wakajaza chokaa, eti ukuta wa zamani ukiubana na saruji unyevu unapanda juu zaidi. Mi nilidhani wanabania saruji, nikawasema vibaya, samahani zao.

Sasa lawama. Waliahidi wiki tatu zikawa saba, tukasali chini ya turubai na harusi moja ikahamishwa, mama wa bibi harusi mpaka leo ananiitikia salamu kwa shida. Halafu terazo ikilowa inateleza bwana, weka zulia mlangoni, hilo hawakutuambia.

Nawapa nne kwa tano. Moja nimeikata kwa sababu ya mabenchi, walisaga na mashine bila kufunika kitu, uji wa saruji ukaruka kote, na jana tu nilikuwa na kisu nakwangua miguu ya benchi la tatu.